Kidonge Kwanza

Daktari wa meno hamgusi mgonjwa wa kifafa kabla ya kumwona akimeza kidonge chake. Agnella anamjua; hii ni mara ya tatu anatoka kijijini Michenga kuja kukatwa fizi, ambazo dawa hiyohiyo huzikuza mpaka zifunike meno. Anajua atakavyovuta kiti kwa mguu, atakavyofumbata kichupa cha ganzi kiganjani ili kisiwe baridi, na atakavyosema, kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu asubuhi, "Haya mama, kidonge kwanza." Wengi huacha dawa kwa aibu ya mdomo, kisha kifafa kinawaangusha motoni.

Leo Agnella alitia kidonge mdomoni, akanywa maji, akatoa ulimi. Daktari akawasha taa, akapitisha kioo polepole, mara akatulia. Kibano kikaingia nyuma kabisa, kikatoka na kidonge kizima, kilichofichwa kati ya fizi na shavu. Hakufoka. Alikiweka kiganjani mwa Agnella, akamimina maji mengine, akaketi akijikanda kiuno.

"Nikimeza zitaota tena, daktari."

"Zitaota." Akautazama mkono wa kushoto wa Agnella, uliokunjamana kwa kovu la moto kuanzia kiwiko hadi vidoleni. "Nami nitazikata tena. Fizi naziweza, mama. Kovu hilo siliwezi."

Agnella akameza. Daktari akashusha pumzi, akainuka, akachukua tena kioo chake.

"Fungua nione."