Wangari na Kichwa cha Plastiki

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili. La, nasema uongo, ilikuwa ishirini na tatu, kwa sababu mwaka wa nyuma yake nilipasuliwa mtoto wa jicho nikafungwa kitambaa, nisingeweza kufika Al Quoz, mtaa wa maghala wa mji huu wa Waarabu, peke yangu. Na Al Quoz ndiko nilikokutana na Wangari, kwenye geti la ghala la matairi alilokuwa akililinda.

Mimi hutembea. Nikishakunywa chai ya asubuhi hupanda basi lolote, nikachoka kukaa nikashuka. Siku hiyo nilipita mbele ya geti lile mara mbili, na ya tatu yule binti wa Kikenya akanyanyuka, akanisukumia kiti chake.

"Mzee, umepotea?"

"Sijapotea. Natembea."

"Kwa hili jua? Mzee wangu, hata paka wa hapa wako chini ya lori."

Nikakaa. Tangu hapo nikawa napita kila wiki, naye huniwekea chupa ya maji kwenye kivuli. Kwao ni Nyahururu, nako, anasema, asubuhi kuna baridi ya kuvaa masweta mawili. Alikuwa na miaka sita hapa. Vidole vyake havijui kutulia. Zile kamba za plastiki za kufungia maboksi alizisuka akatengeneza mkeka mdogo wa kukalia. Kwa kazi ni mlinzi, lakini kwa moyo ni msusi. Siku ya mapumziko wanawake humfuata chumbani kwake mtaa wa Naif, wanapolala watu sita, wakasukwa mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu hakuwa na leseni, na akikamatwa angerudishwa kwao. Aliwahi kuomba kazi kwenye saluni tatu. Zote walimwambia hapo wanashughulikia nywele za singa tu, za kipilipili hawazijui.

Basi mwaka huo mji ukatoa mpango wa kuwapa wakazi weusi nafasi sawa na wenzao. Mambo yalikuwa mengi, ya nyumba na ya kazi, lakini Wangari alisikia moja tu: wasusi watafanya mtihani, atakayefaulu atapewa leseni. Alinionyesha tangazo kwenye simu. Nilisoma pole pole, maana Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani na cha sokoni. Ilikuwa kweli.

Shida ni kwamba mtihani ulikuwa kwenye ukumbi wa wanawake, msimamizi Mwarabu, na Wangari Kiarabu chake kinaishia kwenye yalla na khalas, yaani haya na basi. Mimi nisingeingia. Nikamwomba dada yangu Masuda aende akafasiri.

Sasa Masuda. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne, naishi naye. Tulitoka Unguja tukiwa watoto, na tangu nipate kujua maneno, dada yangu husema sisi ni watu wa Omani, tulipita tu kule. Nilipomweleza habari ya mpango aliweka kikombe chini.

"Hayo ni mambo ya weusi, Thuwein. Sisi yanatuhusu nini?"

Nikautazama mkono wake juu ya kile kikombe cheupe. Lakini dada yangu nampenda. Nikamwambia tu binti hana mtu. Alinuna siku mbili, ya tatu akaniuliza mtihani saa ngapi.

Tulikwenda watu watatu kwenye teksi moja. Njia nzima Masuda akimfundisha Wangari namna ya kumwamkia msimamizi, na Wangari akiitikia "ndio mama, ndio mama" kama yuko darasani. Wao wakaingia, mimi nikabaki kwenye ngazi. Yaliyotokea ndani nilihadithiwa na Wangari, kwa sababu Masuda hajasema hata neno.

Walikuwa wasusi watano. Kila mmoja alipewa kichwa cha plastiki kilichofungwa mezani, na nywele zake zilikuwa za singa, laini, zinateleza kama hariri. Wangari akasuka mstari wa kwanza. Alipofika mwisho akauachia, ukafumuka wote. Akajaribu kulowesha, akajaribu kubana na mpira. Unafumuka. Msimamizi, bibi mmoja mpole jina lake Raghad, akasema ndivyo vichwa vilivyoletwa. Masharti yanaruhusu mtu hai mwenye nywele za kipilipili, ila msusi aje naye mwenyewe, na ukumbi unafungwa adhuhuri. Wawili walikuwa wamekuja na ndugu zao. Wangari hakujua. Rafiki zake wote walikuwa kazini, aliye karibu zaidi alikuwa uwanja wa ndege, asingewahi.

Masuda akamfasiria. Wangari akakusanya vichanuo vyake, kimoja kimoja, akavitia mfukoni.

"Mwambie asante, mama. Khalas. Kwangu basi."

 Dada yangu akasimama, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha mbele, chini ya taa, akafungua shela lake. Wangari anasema nywele zilikuwa nyeupe zote, za kipilipili, zimejaa, na hakuwahi kupata mikononi nywele nzuri namna ile.

"Nisuke, mwanangu. Ile misuko ya twende kilioni unaijua? Mistari iende nyuma."

"Kwetu hatuiiti hivyo, mama. Lakini mikono inaijua."

Raghad alizunguka kiti mara tatu. Alimwuliza dada yangu kwa Kiarabu kama anaumia, akajibiwa kwamba tangu mama yake afe hajapata mtu wa kumshika kichwa vizuri hivyo. Hilo Wangari alifasiriwa na Raghad mwenyewe, kwa ishara na Kiingereza kidogo.

Nilipowaona wanatoka, Wangari alikuwa analia na kucheka pamoja. Masuda alitangulia, shingo imenyooka, akaniamuru nitafute teksi.

Leseni ilitoka wiki ya tatu. Sasa Wangari ana kiti chake kwenye saluni moja ya Naif, mlango wazi, jina lake limebandikwa kwenye kioo, na sare ya ulinzi amemwachia Lynette aliyeshika zamu yake. Kila Jumanne dada yangu huaga kwamba anakwenda kutazama vitambaa. Anarudi bila kitambaa, akinukia mafuta ya nazi.

Nilimwuliza mara moja, tukiwa mezani, kwa nini alikikalia kile kiti, naye akaniongezea wali kana kwamba sijasema neno. Nilimwuliza na Wangari, akasema hayo ni ya mama. Mpaka leo nangoja. Dada yangu, ungekaa kimya tu pale ulipokaa, nani angejua kilicho chini ya shela lako?