Mpiganaji wa Dobi Onema

Mwaka ule Kindu ilipofanywa makao ya mkoa mpya, wakubwa waliongezeka mjini kuliko viti vya kuwakalisha, na kazi ya Onema ikaongezeka pamoja nao. Onema alikuwa dobi katika mtaa wa Kasuku. Kila mkubwa alikuwa na abakosti, lile koti linalovaliwa bila tai ambalo Chama kilisema ndilo vazi la mwanaume wa Zaïre, na kila abakosti ilitaka mikunjo iliyonyooka. Onema alizifua, akazianika, akazipiga pasi ya makaa, na wenyewe walipozivaa walionekana watu wa maana zaidi kuliko walivyokuwa.

Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini. Alibatizwa Anaclet. Serikali ilipotangaza kwamba majina ya Kizungu yamekwisha, alikwenda ofisini kama wengine, akatoka akiwa Onema peke yake. Mkewe naye aliliacha kule jina la Philomène. Njiani wakirudi walijaribu kuitana kwa majina yaliyobaki, wakaona haya kama wageni waliokutana sokoni, na walipofika nyumbani wakaacha. Ndani ya nyumba mke akabaki Philomène. Mume akawa Baba Shako, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Anaclet hakurudi tena. Ni jina lililokosa mtu wa kulibeba, na Onema hakuwahi kulalamika juu yake, maana siku hizo mtu hakulalamika hata juu ya mvua bila kuangalia nani amesimama nyuma.

Jirani yake alikuwa Sharifa, mwanamke wa Kiislamu aliyefanya biashara ya vitenge na kufika nayo mpaka Bujumbura. Safari moja alirudi na televizio, grupu ndogo ya kutoa umeme, na kisanduku cheusi chenye vijiti viwili vya kushika. Ukikiunganisha kisanduku na televizio, watu wawili walitokea kwenye kioo wakapigana, mmoja kavaa kijani, mwingine kavaa nyekundu. Nyuma yao ulisimama mlima mweupe, na chini ya mlima nyumba ambayo ncha za paa lake zilipinda juu. Kila mpiganaji alikuwa na mstari wa uhai juu ya kichwa, uliopungua kila alipopigwa, na katikati saa ilihesabu kurudi nyuma. Sharifa alipanga mabenchi uani, akatundika turubai la kuzuia jua, na Kasuku yote ikaanza kupita pale Jumamosi mchana.

Onema alikwenda mara ya kwanza kupeleka nguo tu. Aliketi kidogo, na zile nguo zilizopigwa pasi zikabaki mapajani mwake mpaka grupu ilipozimwa. Aliporudi nyumbani Philomène alimwuliza alikuwa wapi.

"Kuna muntu wa kijani," alisema Onema. "Ametoka mbali. Anatafuta baba yake."

"Nani alikuambia?"

"Inaonekana. Muntu hawezi kupigana vile kama hana neno moyoni."

Kisanduku chenyewe hakikusema lolote juu ya baba. Kilikuja na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kama vijiti vilivyovunjika, na hakuna aliyeweza kuisoma. Hilo halikumsumbua Onema. Kila Jumamosi aligundua jambo jipya. Mtu wa kijani alizaliwa nyuma ya ule mlima. Baba yake alichukuliwa na askari. Mama yake alimpa lile vazi la kijani, na ndiyo maana halichafuki hata akianguka. Siku moja Onema akiwa kwenye pasi, jina lilimjia bila kulitafuta. Alimwita Anaclet.

Tangu hapo alikuja amevaa shati safi, akakaa wima, na kabla ya kupiga alikishusha kijiti taratibu ili Anaclet apinde magoti. Kazi ya kule kuchutama ilikuwa kukwepa ngumi. Kwa Onema ilikuwa salamu. Kwa kawaida alipigwa akiwa bado anasalimia.

Aliyempiga sana alikuwa Mwanvua, mdogo wake Sharifa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mwenye macho makali na subira ya mtu anayewinda panya. Yeye hakuona mlima wala nyumba. Aliona kwamba kila mpiganaji akimaliza kurusha ngumi hubaki kidogo amekufa ganzi kabla ya kurudisha mkono, na kwamba hapo mguu wa chini huingia bila kizuizi. Basi alipiga mguu wa chini. Ukiinuka, mguu wa chini. Ukiruka, alingoja ushuke, mguu wa chini. Wanaume wa Kasuku waliingia pale na vifua mbele, wakatoka wakilaumu kijiti.

"Papa Onema," Mwanvua alimwuliza siku moja, "unafanya nini pale mwanzo?"

"Namusalimia."

"Nani?"

"Ule wa nyekundu. Hatujuane bado."

"Hakuna muntu mule. Iko mwangaza tu."

"Na ndani ya radio, iko muntu?"

"Apana."

"Lakini unasikilizaka."

Mwanvua alifikiri. "Nasikiliza," alisema, "lakini siivulie kofia." Kisha akamwangusha kwa mguu wa chini.

Ua wa Sharifa ukagawanyika. Wengine walikaa benchi la Onema, wakaitwa watu wa hadithi. Waliona kwamba kushinda kwa mguu mmoja tu ni wizi, na kwamba mtu akianguka aachwe ainuke kwanza. Wengine walikaa na Mwanvua, wakaitwa watu wa vidole. Hao walisema mashine inatoa ushindi, haitoi adabu. Walibishana mpaka nyumbani. Mwalimu mmoja na mchoma nyama walinuniana mwezi mzima kwa sababu mwalimu alidai mtu wa nyekundu ndiye askari aliyemchukua baba yake Anaclet, na mchoma nyama alisema nyekundu ni mwepesi kidogo kuliko kijani, basi. Katika nchi ambayo ilikuwa na chama kimoja tu, hapo uani pekee ndipo palikuwa na viwili.

Jambo hilo halingeweza kukosa kufika kwa Citoyen Okito. Mbele ya Chama hapakuwa na bwana wala bibi, kila mtu aliitwa citoyen au citoyenne, yaani raia, na Okito alilitamka neno lile kama mtu anayepiga muhuri. Yeye ndiye aliyesimamia nyimbo na ngoma za Chama katika mtaa. Alikuja Jumamosi moja, amevaa abakosti ya kahawia ambayo Onema aliipiga pasi siku iliyotangulia, akaketi kwenye kiti kilicholetwa mbio kutoka ndani, akatazama mapambano. Halafu akauliza kwa nini raia wamekaa mabenchi mawili.

Sharifa akaleta chai.

"Sikukuu ya Chama iko karibu," alisema Okito. "Mtaa wetu utaonyesha mashindano. Mapigano ya kisasa. Mukubwa wa mkoa atasikia." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Ule wa kijani, kijani njo rangi ya Chama. Anaitwa nani?"

Watu wa hadithi walitazama chini. Onema akasema polepole, "Anaclet, citoyen."

"Hiyo ni jina ya padri. Ilikatazwa."

"Kwa siye ilikatazwa. Niliacha ya kwangu, wakaandika. Lakini huyu si raia wa Zaïre. Hana hata karatasi."

Okito alikunywa chai, akiipima ile hoja. "Kama si raia," alisema mwishowe, "basi ni mugeni. Mugeni atashindaje siku ya Chama?"

Ikaamuliwa kwamba kwenye kibao cha katoni cha mashindano itaandikwa Mpiganaji wa Kijani, na kwamba jina lake halisi litajulikana baadaye, Chama kitakapoona vema. Onema aliinamisha kichwa. Alirudi nyumbani, akampigia pasi mkubwa mmoja suruali, akaiunguza. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi.

Siku mbili kabla ya sikukuu Okito alirudi peke yake, akawakuta Sharifa na Mwanvua wakikunja vitenge. Alivisifu vitenge. Akauliza kama Sharifa ana ruhusa ya kuonyesha picha kwa watu. Sharifa akasema hakujua kuna ruhusa kama hiyo. Okito akasema ipo, na kwamba yeye si mtu wa kusumbua mama wa watu. Kisha akamgeukia Mwanvua.

"Naambiwa fainali itakuwa weye na dobi. Weye utashika nyekundu."

"Kama tukifika, citoyen."

"Mutafika. Na nyekundu itaanguka."

Alipoondoka, Mwanvua alikiweka chini kitenge alichokuwa anakunja. "Sijawahi kushindwa na Papa Onema," alisema. "Sijui hata inafanywaje."

"Unasimama tu," Sharifa alimwambia. "Unasimama, anakupiga, kwisha. Mutoto mudogo anaweza."

Siku ya sikukuu ua ulijaa. Walikuja wacheza ngoma wa mtaa wamevaa vitenge vya Chama, walikuja wakubwa watatu, na Onema, hata katika hofu yake, aliona kwamba mmoja wao alikuwa ameketi juu ya mkunjo wa koti. Picha ya Kiongozi wa nchi ilitundikwa juu ya televizio, chini kidogo kuliko ilivyofaa, kwa sababu msumari wa juu haukushika ukutani. Okito alisoma hotuba, watu wakapiga makofi mahali palipopangwa. Mwalimu akatolewa na Mwanvua, mchoma nyama akamwachia Onema kwa jicho moja la Okito, na fainali ikafika mchana, jua likiwa bado kali juu ya turubai.

Onema alishusha kijiti. Anaclet akasalimu.

Mguu wa chini haukuja. Mtu wa nyekundu alisimama tu, mikono imeshuka. Onema akangoja.

"Piga," Mwanvua alinong'ona bila kugeuza kichwa.

"Bado haujakuwa tayari."

"Niko tayari, Papa."

"Mikono yako iko chini. Anaclet hapigake muntu wa mikono chini."

Saa ya kwenye kioo ilikuwa inahesabu. Mwanvua akaona asogee karibu, pengine akigusana naye atapigwa. Onema akarudi nyuma hatua moja, kwa heshima, akampisha. Akasogea tena. Onema akampisha tena. Mwanvua akaruka juu ili ashukie kwenye ngumi ya Anaclet, lakini Anaclet hakuwa ametoa ngumi, na mtu wa nyekundu alitua salama upande wa pili, akasimama akimpa mgongo.

"Nageuka nyuma sasa," Mwanvua alinong'ona, jasho likimtoka. "Piga mugongo."

"Mugongo?" Onema alisema, na safari hii alimwangalia kweli. "Mwanangu, unaumwa?"

Okito alikohoa. Akakohoa tena. Watu wa vidole, waliokuwa wameona maelfu ya miguu ya chini, hawakuelewa kitu. Mchoma nyama alimwuliza jirani yake kama kijiti kimeharibika. Watu wa hadithi wao walikuwa wanatokwa machozi. Kwao ilikuwa wazi: wale wawili wamejuana, huenda ni ndugu, huenda mtu wa nyekundu ndiye aliyejua baba alipo. Mwalimu alishika mkono wa mke wake mbele za watu.

Mwanvua alijaribu mambo yote aliyoyajua, kinyumenyume. Msichana aliyewashinda wanaume wa Kasuku bila kupepesa macho sasa alikuwa anahangaika apate kipigo kimoja tu, na hakukipata. Saa ikaisha. Mistari yote miwili ya uhai ilikuwa imejaa kama ilivyoanza. Na ile mashine, ambayo haikuwa imeambiwa chochote kuhusu sikukuu, ikafanya kama ilivyotengenezwa kufanya wapiganaji wakitoka sawa: ikawaangusha wote wawili kifudifudi, ikawaacha hapo.

Wakubwa walimtazama Okito. Okito aliitazama karatasi yake, ambamo ushindi wa kijani ulikuwa umeandikwa tayari mpaka mwisho. Halafu akainua macho, akaona kioo, na juu ya kioo ile picha iliyotundikwa chini, na uso wake ukapata rangi tena.

"Mumeona," alisema. "Wote wawili wamemusujudia Kiongozi."

Makofi yalikuwa makubwa, na yalidumu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana amekuwa wa kwanza kuyaacha. Mkubwa aliyekalia mkunjo aliomba televizio iletwe ofisini kwake, pamoja na kisanduku, ili wafanyakazi nao wafundishwe. Vilipelekwa Jumatatu. Grupu haikuchukuliwa, maana haikutajwa, na ofisi ile haikuwa na umeme. Kwa muda mrefu raia waliokwenda kutafuta muhuri walikiona kisanduku juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa. Sharifa hakuulizwa tena habari za ruhusa. Grupu aliiuza mjini Kibombo kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, akarudi kwenye vitenge vyake.

Onema aliugua siku chache. Philomène alimpikia mchele na sombe ya majani ya muhogo, akamsikiliza habari za Anaclet, hakusema ni upuuzi. Alipopona alirudi kwenye meza yake, na Jumamosi mchana, watu walipokosa mahali pa kwenda, wakaanza kusimama pale dirishani kwake. Naye akipiga pasi aliwaambia Anaclet alipofikia.

Mwanvua alikuja wa mwisho, amebeba kitenge ambacho hakikuhitaji pasi. Alisikiliza amesimama, mikono kiunoni. Anaclet alikuwa ameufikia ule mlima, ameikuta nyumba, askari sita wako mlangoni, na anawakabili.

"Sita hawezi," alisema Mwanvua. "Akipiga mumoja, wa pili anamukamata bado mukono haujarudi. Weye haukuwa unaona, mimi nilikuwa naona kila siku."

Watu wa hadithi waliguna. Onema aliinua pasi, akaipuliza makaa, akaiweka pembeni ili isiunguze.

"Na wakija mumoja mumoja?"

"Mlango ni mupana. Watakuja wawili."

"Basi nyuma," alisema Onema. "Nyuma iko dirisha ya jiko."

"Ndogo kiasi gani?"

Onema alionyesha kwa mikono. Mwanvua alivuta kibao, akaketi, akasema dirisha la namna ile labda, lakini itabidi avue kwanza lile vazi la kijani.