Mfereji Mmoja, Majina Mawili

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Kakamega, Mkuu wa Maabara alinikalisha mbele ya kompyuta, akanionyesha mistari miwili ya herufi, mmoja juu ya mwingine. Wa juu ulikuwa wa binadamu, wa chini wa popo wa msitu wetu. Nilikuwa binti wa Mumias mwenye shahada mpya, na sikudhani mimi na popo tuna undugu wowote. Nikapitisha kidole kwenye kioo. Mstari mzima, herufi zililingana karibu zote.

"Hiyo ni jeni ya mfereji wa maji," Mkuu alisema. "Wewe unayo, popo anayo, ng'ombe anayo. Shida ni kwamba kila mtafiti ameipa jina lake."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini, na protini zinazopitisha maji kwenye kuta za seli ni ukoo mkubwa. Waliochunguza panya waliuita mfereji mmoja wa ukoo huo kwa mahali ulipo ndani ya figo. Waliochunguza binadamu wakauita huo huo kwa uzito wake. Sisi tulitakiwa kuupa ukoo mzima shina moja la jina, kisha kila jeni namba yake, isiyobadilika kwa mnyama yeyote anyonyeshaye.

Kufanana peke yake hakutoshi. Mkuu alinifundisha kutazama pia jeni zinazopakana nayo kwenye kromosomu, ule uzi unaobeba jeni. Akaniambia, "Sura hudanganya. Ukitafuta boma la mtu kule kijijini Matete, si unauliza majirani?" Niliuliza. Majirani niliwakuta wamejipanga vilevile kwa popo, kwa ng'ombe na kwa mtu, jinsi walivyojipanga kwa babu yetu sote aliyeishi kabla hajakuwapo mtu wa kutaja jina lolote. Siku hiyo nilisahau kwenda kula chakula cha mchana.

Miaka ilipita, nikahamishiwa Nairobi, na Mwenyekiti wa Kamati ya Majina ya Jeni akanipa kiti cha ujumbe. Huko nilimkuta Profesa aliyekuwa wa kwanza kuipata jeni ile kwa panya. Jina alilolitoa hakutaka liguswe. Alisema ujana wake wote umo ndani ya jina lile, nami sikuweza kumcheka.

Wakati tukivutana, daktari mmoja wa Kakamega aliniomba nimsaidie. Wazazi kutoka Malava walikuwa na binti, Nafula, aliyekojoa mfululizo na kukauka mwili. "Huyu anakunywanga hata maji ya kuoshea vyombo," mama yake aliniambia nilipofika. Kaka yake Nafula alikuwa amekufa hivyo hivyo.

Baba alikuwa amepimwa katika maabara moja, mama katika nyingine. Jibu la baba lilitaja kasoro kwenye jeni moja, la mama kwenye jeni nyingine. Daktari akaona hazihusiani, akaendelea kutafuta ugonjwa mwingine, huku mtoto akidhoofika. Niliposoma majina yale mawili, nilimwita daktari papo hapo. Ilikuwa jeni moja, ile ya mfereji wa maji, na mojawapo ya majina hayo lilikuwa la Profesa. Nafula alikuwa amerithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili.

Daktari akaanza matibabu yanayofaa: maji wakati wote, chumvi kidogo, na dawa ya kupunguza mkojo. Ugonjwa haukuisha, ila mtoto alianza kunenepa.

Kikao kilichofuata nilieleza hayo yote. Profesa aliuliza swali moja tu: kaka yake Nafula alikuwa na umri gani. Nikamwambia alikuwa hajaanza kutembea. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Basi jina langu liondolewe," alisema.

Mwenyekiti hakuitisha kura. Alimnyooshea Profesa mkono, naye akaushika.

Nimestaafu sasa, nimerudi Mumias. Nafula ni msichana mkubwa. Mwaka jana alikuja kunisalimu, akamaliza jagi zima la maji tukizungumza, nikaenda kumjazia jingine. Nje ng'ombe wangu alikuwa ameinamia beseni lake, anakunywa taratibu. Nilisimama mlangoni na jagi mkononi nikiwatazama wote wawili, Nafula na ng'ombe, wenye jeni moja na sasa jina moja, kisha nikaingia kummiminia mgeni wangu.