Jioni Niliyomsemesha Mkwe

Kwetu mama mkwe hamsemeshi mume wa binti yake. Unajifunika kanga, unapita pembeni, na ukiwa na neno unampa binti alipeleke. Ndivyo nilivyokuwaga na mkwe wangu tangu alipooa.

Jioni ile mvua ilikuwa imenyesha kutwa, binti yangu mjamzito akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mkwe akaazima gari kwa jirani. Nilikaa nyuma, binti amelaza kichwa mapajani mwangu, tukatoka Butiama kwenda hospitali Musoma, giza limeshaingia.

Barabara ya udongo ilikuwa kama imepakwa sabuni. Na yeye anakimbiza.

"Mwambie mwenzio apunguze," nikasema.

"Mama anasema upunguze."

"Mwambie nikipunguza, mjukuu wake atazaliwa humu humu."

Matairi ya nyuma yakateleza pembeni, yakarudi barabarani.

"Mwambie na akituua atazaliwa wapi!"

Binti hakupeleka. Uchungu ulikuwa umemkaza, ameuma kanga yangu, hana sauti. Nikabaki na maneno mdomoni, sina wa kumpa.

Mbele likaja lori na taa kali, halizishushi. Kioo chote kikawa cheupe. Mimi nilikuwa natazama nje pembeni, kama adabu inavyotaka, ndipo nikaona matawi mabichi yametupwa ukingoni. Matawi maana yake kuna gari bovu mbele. Yeye hakuyaona.

"Wewe! Matawi! Ondoa mguu!"

Alishtuka kama amesikia gari lenyewe linasema. Akaachia mafuta, hakukanyaga breki. Tukateleza upande upande, lori likatupita, tukasimama. Mbele yetu trela la mchanga limeharibika, halina taa hata moja. Hatua moja zaidi tungeligonga.

Kisha mkwe, bila kugeuka: "Mama, niendelee?"

"Shuka kwanza ufute taa, zina tope. Halafu taratibu. Huku pembeni nitaangalia mimi."

Nikaita njia nzima: shimo, ng'ombe, mtu na baiskeli. Hata tulipoziona taa za Kigera, mji umekaribia, sikuacha kuita. Mjukuu alizaliwa tumeshafika, wa kike, analia kwa hasira.

Sasa tumerudia adabu yetu. Mkwe akija anasimama mbali, binti ndiye ananipa salamu zake. Lakini wakiondoka jioni na wingu limetanda, natoka mlangoni nimejifunika, namwuliza yeye mwenyewe:

"Taa umefuta?"