Tumbo Yake Inakataa Sindano

Mama alikubali kuja kuishi kwangu Iyunga kwa sharti moja, kwamba mbwa wake aje naye. Nilikuwa nimembembeleza miaka miwili aondoke kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Iringa, alikobaki peke yake baada ya baba kufariki, sukari ikimpanda na kumshuka bila mtu wa kumtazama. Sharti lile nililikubali harakaharaka kabla hajabadili mawazo.

Mbwa mwenyewe alikuwa dume la rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililokatika ncha na tumbo la ajabu. Ukimpa maziwa anatapika. Ukimpa makombo ya pilau anaharisha siku mbili. Jirani yangu, mama wa Kinyakyusa asiyeniachia utani hata siku moja, alisema lile ni tumbo la kizungu lililopotea njia likaangukia Uheheni. Mama alimpikia uji wa ulezi usio na sukari, uleule aliokunywa yeye, na asubuhi walikaa kibarazani wakanywa pamoja, mmoja kwenye kikombe, mwingine kwenye sufuria iliyovunjika mpini.

Niseme ukweli, sikumpenda sana yule mbwa. Alichafua uani kwangu na mimi ndiye niliyefagia. Lakini nilijua jambo moja vizuri: siku akifia mikononi mwangu, mama atafunga mzigo wake arudi Iringa, na safari hiyo sitamtoa tena.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kazi hii imeniachia ugonjwa wa kusahihisha. Nasahihisha vibao vya maduka, nasahihisha matangazo ya misiba, na kanisani nasahihisha mahubiri kimoyomoyo. Mama yangu alijifunza Kiswahili ukubwani, juu ya Kihehe chake, na upatanisho wa ngeli haujawahi kumnyima usingizi. Nilimsahihisha kila siku. Aliniangalia tu, kisha akaendelea kusema vilevile.

Mwezi wa sita mwaka jana gari la matangazo lilipita mtaani. Jumamosi kutakuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, kwenye uwanja ulio upande wa pili wa barabara kuu. Wiki hiyohiyo mbwa koko alikuwa amemng'ata mwalimu mwenzangu mguuni, na alikuwa akienda hospitali kuchomwa sindano. Nikaamua palepale.

Mama alikuwa anachambua maharage.

"Hii mbwa usiipeleke," alisema. "Tumbo yake inakataa sindano."

"Mbwa huyu, mama. Usimpeleke. Tumbo lake linakataa," nilisema. "Halafu sindano haiingii tumboni, inaingia kwenye ngozi. Tumbo litaikataaje?"

Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani.

"Basi ngoja kwanza itulie. Jana imetapika."

"Sawa, mama," nikasema, ili yaishe.

Jumamosi asubuhi mbwa alitapika tena nyuma ya jiko, povu la njano kidogo. Niliwahi kumwaga majivu juu yake kabla mama hajaliona. Alipotoka kwenda kwenye jumuiya ya akina mama, nilimfunga mbwa kamba ya katani shingoni tukaondoka. Njiani nilijisemea kwamba nawatendea wema wote wawili. Kichaa cha mbwa hakina tiba kikishaanza, na hilo ni kweli hata leo. Lakini ukweli huo haukuwa sababu ya kuficha matapishi.

Uwanjani kulikuwa na baridi ya kukata masikio na foleni ya watu walioshika kamba, mnyororo, hata mshipi wa suruali. Bwana mifugo alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa gambuti, na chanjo zake zimo ndani ya boksi la barafu. Kila aliyefika aliulizwa swali lilelile.

"Mbwa mzima?"

Neno hilo nalifundisha darasa la tano. Mzima ni asiyeumwa. Mzima pia ni aliyekua, asiye mtoto. Nilijua kabisa anauliza lipi.

"Mzima," nikajibu. "Ana miaka sita anaelekea saba."

Akaandika.

"Amewahi kuchanjwa?"

"Huko Iringa, nadhani."

"Hakupata shida yoyote?"

"Sijasikia," nikasema.

Akamchoma nyuma ya shingo. Mbwa hata hakulia. Akanipa kadi, akaniambia, "Mwalimu, kaa naye hapo pembeni nusu saa tumwangalie." Nilikaa dakika kumi. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na zaidi ya hapo nilitaka kufika nyumbani kabla ya mama. Bwana mifugo alipoinamia mbwa mwingine, nikaondoka.

Alianza kutapika kabla sijafungua geti. Nikasema ni lile tumbo lake. Akatapika tena chini ya mwanzi wa kuanikia nguo, nikasema ni lile tumbo lake na njaa, kwa kuwa asubuhi hakula. Nilimwekea uji, akaunusa akageuka. Halafu akaanza kusugua uso kwenye ukuta, upande huu na upande ule, na nilipomshika kidevu nikaona mdomo wa juu umevimba na macho yamekuwa mistari miwili. Nikiwa bado nimemshika, akaharisha maji yenye damu juu ya kandambili zangu.

Jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Mwalimu, amekula sumu huyo! Mpe maziwa, maziwa yanaua sumu!"

"Maziwa hayamfai."

"Afe au anywe? Chagua!"

Akaleta kikombe. Namna tulivyolelewa sisi huku, kila sumu dawa yake ni maziwa, na nilikuwa nimeshika kinywa cha mbwa kikiwa wazi mama alipoingia getini akiwa na kitabu cha nyimbo kwapani. Alimpokonya jirani kikombe, akakitua chini. Akapiga goti, akainua mdomo wa mbwa kwa kidole gumba. Ufizi ulikuwa mweupe kama unga wa sembe.

"Umeipeleka," alisema.

"Ndiyo, mama."

Nilitegemea anifokee. Ningependa anifokee. Alifungua kitenge chake cha juu, akakitandaza, tukamlaza mbwa ndani yake, yeye akashika upande huu na mimi upande ule, tukatoka mbio, mama yangu wa miaka sabini na moja na sukari yake. Mbwa alikuwa ameanza kulegea. Kichwa kilining'inia nje ya kitenge na kila hatua kikampiga mama gotini.

Kwenye barabara kuu malori yalikuwa yamefuatana, yanayoshuka toka Tunduma na yanayopanda, hakuna upenyo. Tulisimama ukingoni. Lori moja likapita, la pili, la tatu lenye tela. Ng'ambo niliona bwana mifugo anafunga boksi lake kwenye pikipiki. Nikapiga kelele. Sauti ambayo hunyamazisha darasa la watoto themanini haikufika hata katikati ya lami.

Mama hakungoja. Alinyoosha mkono mmoja hewani, kiganja wazi, akashuka barabarani. Mimi nikamfuata kwa sababu nimeshika upande wa pili wa kitenge. Honi ililia mpaka ikanitikisa meno. Lori lilisimama. Utingo akatoa kichwa dirishani akatutukana matusi ambayo siyarudii hapa, na nilimshukuru moyoni.

Bwana mifugo alikuwa ameshapanda pikipiki. Alipotuona alishuka, akaiacha ikinguruma. Akapiga goti, akainua ule mdomo kama mama alivyofanya, akashika paja kwa ndani kutafuta mapigo.

"Yameanza lini haya?"

"Mara tu tulipofika nyumbani."

"Asubuhi alikuwa mzima kweli?"

Mama alikuwa amesimama juu yangu, anahema. Nilisikia kila pumzi yake.

"Hapana," nikasema. "Alitapika wiki hii, akatapika na leo. Nilielewa ulichoniuliza. Nikakujibu umri."

Hakuninyooshea kidole. Alikuwa anafungua chupa ndogo kwa mikono ya haraka. "Na chanjo ya nyuma? Nataka kujua sasa hivi."

Mama ndiye aliyejibu, polepole, akitafuta maneno. "Kule kwetu, mwaka wa tatu huu. Waliichoma, kabla hatujafika nyumbani ikatapika, ikaharisha, uso ukavimba hivi. Ikalala siku nzima, ikapona yenyewe. Nilimwambia huyu. Tumbo yake inakataa sindano."

"Umesema sawasawa kabisa, mama," alisema bwana mifugo, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Mwili wake unaikataa chanjo. Na mbwa mara nyingi huoneshea tumboni, kutapika na kuharisha, kabla ya kitu kingine. Sasa mwenye tumbo jepesi kama huyu, watu wanasema ni kawaida yake, wanakaa nyumbani. Anawafia hivihivi."

Nilihisi uso unaniwaka. Yule mwanamke alikuwa amenipa historia yote ya mgonjwa kwa maneno manne, na mimi nikasikia ngeli tu.

Bwana mifugo akainua bomba la sindano.

Mama akarudi nyuma hatua moja. "Sindano tena?"

"Hii ni ya kurudisha mapigo ya moyo. Ni tofauti na ile."

Mama aliniangalia mimi, kwa mazoea, kama nimweleze. Ningesema nini ambacho angekiamini? Akamgeukia bwana mifugo.

"Ingekuwa yako ungeichoma?"

"Ningekuwa nimeshamchoma."

"Ichome."

Alimchoma pajani. Baadaye akamchoma nyingine mbili za kushusha uvimbe, akamfunga dripu mguu wa mbele na kunipa mfuko niushike juu. Nikausimamia. Watu waliokuwa wanaondoka na mbwa wao walirudi wakatuzunguka. Mama alikaa chini kwenye nyasi, akaweka kichwa cha mbwa mapajani, akawa anamsemesha Kihehe taratibu, maneno ambayo alikuwa akinisemesha mimi nikiwa na homa. Mkono wangu ulikufa ganzi. Kila dakika chache bwana mifugo aliinua ule mdomo, na kila mara ulikuwa mweupe, nami nikawa naomba, mimi ninayesahihisha mahubiri, naomba kama mtu asiyejua hata sentensi moja nzuri.

Sijui ilichukua muda gani. Najua jua lilikuwa limehama upande wa pili wa goli la mpira wakati bwana mifugo alipoinua mdomo akasema, "Haya, oneni." Ufizi ulikuwa na wekundu hafifu. Baadaye kidogo mbwa akajilamba pua.

Nililia pale mbele za watu, wengine wakiwa wazazi wa wanafunzi wangu. Mama hakulia. Alimuuliza bwana mifugo maswali, moja baada ya jingine, naye akamjibu kwa heshima: mbwa asichanjwe tena bila daktari kuelezwa habari hii, na ikibidi apewe kwanza dawa ya mzio, chanjo moja kwa wakati mmoja, na mtu asiondoke pale mpaka aruhusiwe. Akaiandika kwenye kadi kwa wino mwekundu. Chanjo si mbaya, alisema, imeokoa wengi hapa, ila haiwezi kumjua mbwa ambaye mwenye mbwa hakueleza habari zake.

Mbwa alirudi kwenye uji siku ya tatu. Nilidhani yamepita. Nilikuwa nimekwisha kumwomba mama radhi mara mbili, akaitikia mara mbili, na nyumba ilikuwa na amani. Jumapili baada ya ibada akaniambia nimtafutie gari la kurudi Iringa.

Basi lisingekubali mbwa. Nilimpata dereva wa fuso anayeshuka Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu, anapita Iringa, ana nafasi mbele. Nilipompata ndipo nikaanza kumsihi mama asiende. Nikamtajia kliniki, dawa, miguu yake inayovimba. Alikuwa anakunja vitenge kitandani.

"Unanikasirikia bado," nikasema.

"Sijakasirika. Mbwa imepona." Aliweka kitenge juu ya kingine, akakilainisha. "Kule kliniki daktari akiniuliza ninaumwa wapi, nani anajibu?"

Ni mimi. Siku zote nimejibu mimi, kwa sababu yeye anachelewa, kwa sababu foleni ni ndefu, kwa sababu najua kusema.

"Siku nikilala siwezi kusema, ni wewe utaulizwa," alisema mama. "Utawaambia nini?"

Nilitaka kusema nitawaambia ukweli. Nilisimama pale mlangoni, nikatafuta namna ya kuusema auamini, na dereva wa fuso akapiga honi nje. Mama alikuwa bado ananiangalia, anangoja jibu. Nikachukua begi lake.