Matofali ya Mkunga

Katika misheni ile kila kijana aliyetumwa kuhubiri aliitwa Mzee, hata kama ndevu zake zilikuwa bado zinajishauri. Ndio utaratibu, na uliandikwa kwenye beji. Huyu wetu alikuwa na miaka kumi na tisa na sauti iliyomkatikia njiani kila alipopandwa na jazba, na mtaa mzima ulimwita Mzee Mdogo ili kumtofautisha na mwenzake, Mzee Mrefu, ambaye aliinama kwenye kila mlango na hakuwahi kukataa chakula nyuma ya mlango wowote. Utaratibu uliwataka wawe pamoja saa zote. Mmoja akienda dukani, wameenda wawili. Mmoja akiumwa tumbo, wamelala wawili.

Mzee Mdogo alikuwa na siri, na hata mwenzake hakuijua. Tangu aletwe mtaa huu hakuna mtu aliyemsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Wakali walimfungia mlango, na wapole walimwambia watakuja kanisani Jumapili, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Siku ya Krismasi wamisionari waliruhusiwa kuzungumza na nyumbani kwa simu, na yeye alishamwandikia mama yake kwamba siku hiyo atakuwa na jambo la kumwambia. Jambo lenyewe lilikuwa fupi: Mama, nimeshindwa, narudi.

Kabla ya siku hiyo kufika likaja agizo la kiongozi wa misheni. Wiki nzima ya kuelekea Krismasi vijitabu vikae kabatini na mahubiri yapumzike. Ni mikono tu: fueni, fagieni, bebeni, bila malipo na bila neno la dini. Mzee Mdogo akaona hapa ndipo pa kujipima. Aliweka nadhiri kimoyomoyo kwamba akipata mtu mmoja tu anayemhitaji kweli, atabaki. Asipompata, begi lilikuwa chini ya kitanda.

Kumbe kumsaidia mtu bure ni kibarua kizito kuliko kumuuzia kitu kibovu. Jumatatu, kwenye mlango wa kwanza, mama mmoja aliwasikiliza huku mkono uko kwenye komeo.

"Mnafua bure?"

"Bure kabisa, mama."

"Halafu?"

"Halafu tunaondoka."

"Na nguo zangu?"

Jirani yake aliwauliza wanauza nini, na walipojibu kwamba hawauzi kitu akawaambia warudi watakapokuwa na cha kuuza. Mpaka mchana walikuwa wamepata kazi moja tu, kumsaidia mbuzi wa mtu kutoka kwenye mtaro, na hata mbuzi mwenyewe hakuonekana kuridhika.

Aliyewaonea imani alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wanaosubiri, na rundo la taulo nyeupe zilizochoka. Aliwapa zile taulo wafue, pamoja na kitambaa kipya chekundu cha kuwafunika wateja. Sasa, Mzee Mdogo alikuwa akifuliwa nguo na mama yake mpaka asubuhi ya kuondoka nyumbani. Alitia vyote kwenye beseni moja, akamwaga maji ya moto, akasugua kwa moyo wote. Taulo zikatoka za waridi, tena waridi iliyokolea.

Kinyozi alizitazama kwenye kamba kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kuyachuja maneno.

"Zimetakata," alisema mwishowe. "Kesho msije hapa. Nendeni kwa Mkunga, nyumba ile yenye geti la bluu. Yule bibi hakosi kazi."

Mkunga alikuwa amestaafu, lakini nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikija duniani, na alizungumza na watu wazima kama mtu aliyewahi kuwachapa matakoni. Aliisoma beji ya Mzee Mdogo kwa kuisogeza karibu na jicho.

"Mzee," alisema. "Basi mimi ndiye wa kuamkia. Shikamoo."

Mzee Mdogo alitamani ardhi ipasuke. Mzee Mrefu akaokoa jahazi kwa kumwamkia bibi kwa heshima zote na kumuuliza kama ana kazi. Bibi akatazama uani, akatazama ukuta, akafikiri. Kulikuwa na matofali yamepangwa karibu na geti, mabaki ya ujenzi wa zamani.

"Hayo," alisema. "Yahamishieni kule nyuma ya tangi. Hapo yananiziba."

Yanamziba nini, hawakuuliza. Walibeba mpaka jasho likawatoka, na walipomaliza walikuta meza imeandaliwa chai ya maziwa, mkate na mayai ya kukaanga. Mzee Mrefu alikula kimya kimya, kwa ibada. Mzee Mdogo naye alikula, lakini kilichomshibisha ni sauti ya bibi ikisema, "Ahsanteni wajukuu zangu, bila nyinyi ningefanyaje." Alirudi chumbani anapiga mluzi. Hakuwa amepiga mluzi tangu afike.

Siku iliyofuata bibi aliwapa vikombe wasugue. Vilikuwa safi kiasi cha kujitazamia uso, lakini Mzee Mdogo alivisugua tena, akijiambia kwamba wazee huona uchafu ambao vijana hatuuoni. Alhamisi bibi akasema matofali yarudishwe getini, maana huko nyuma ya tangi jua linayapiga. Mzee Mrefu alifungua mdomo aseme kitu kuhusu matofali na jua, akasikia harufu ya mayai, akaufunga.

Kufikia hapo Mzee Mdogo alikuwa mtu mwingine. Alitembea barabarani kifua mbele. Usiku alimwombea bibi kwa jina la kazi yake, na begi chini ya kitanda akalisukuma ndani zaidi kwa mguu. Alikuwa amempata mtu wake.

Ijumaa mchana walikwenda kunyolewa kwa ajili ya sikukuu. Mzee Mdogo ndiye aliyetangulia kwenye kiti. Kinyozi alimmaliza upande mmoja wa kichwa, akaona kijana ana vipele, akamwegemeza nyuma na kumfunika uso kwa taulo ya moto, mojawapo ya zile za waridi. Mzee Mrefu alikuwa kwenye benchi amelala, miguu imeziba njia. Mkunga akaja kusimama dirishani, kwa nje, na kutoka pale aliona mgongo wa kinyozi na mtu mmoja amefunikwa, benchi halikuonekana.

"Mwanangu, wale watoto uliowaleta wamenimalizia kazi," alisema.

Kinyozi alikohoa.

"Matofali nimewahamishisha kwenda na kurudi. Vikombe vimesuguliwa mpaka maua yametoka. Huna kitu hapo cha kubeba? Hata mawe."

Kinyozi alikohoa kwa nguvu zaidi, akatupa jicho kwenye kiti.

"Hicho kifua kiangalie. Mimi yule mrefu hanipi shida, yule ni tumbo tu. Ni huyu mdogo. Sikukuu yote hii yuko mbali na mama yake, macho kama ndama aliyeachishwa ziwa. Nilijisemea, ngoja nimpe kitu cha kushika asije akalia njiani."

Taulo ilianguka. Hakuna aliyeivuta, ilianguka yenyewe, na chini yake kulikuwa na Mzee Mdogo, mwekundu, nusu ya nywele ziko na nusu hazipo. Walitazamana na bibi kupitia dirisha. Kisha akainuka na kitambaa chekundu shingoni, akatoka, na Mzee Mrefu akaamshwa na utaratibu, akalazimika kumkimbilia bila kunyolewa.

Chumbani Mzee Mdogo alimwambia mwenzake yote, pamoja na nadhiri na begi na jambo la kumwambia mama. Mzee Mrefu alimsikiliza mpaka kwenye mawe, hapo akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa unalia nini? Chai umekunywa, mayai umekula. Umehudumiwa, sema ahsante."

"Nilikuja kuhudumia, sikuja kuhudumiwa."

"Ndugu yangu, wewe una kiburi kuliko ukubwa wako," alisema Mzee Mrefu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini kweli haimponyi mtu aliyefedheheka, na Jumamosi alisema anaumwa tumbo na kugeukia ukutani. Mzee Mrefu akashinda ndani naye, akihesabu kwa uchungu mayai aliyokuwa anayakosa. Jioni alichukua wembe akammalizia kichwa, kwa kuwa hakuna kanisa linalostahili kuona kichwa kile siku ya Krismasi. Alikata upande uliobaki, ukazidi, akasawazisha ule mwingine, ukazidi, na mwishowe ukabaki upara mtupu.

Krismasi, baada ya ibada, kulikuwa na sahani ya Mkunga ya kurudisha, ile aliyowafungia mayai Alhamisi. Mzee Mrefu alisema sahani ya mtu hairudishwi mwakani, na Mzee Mdogo akafuata shingo upande, begi lake likiwa tayari limefungwa, simu ya misheni mfukoni mwa shati. Mama alikuwa ameahidi kupiga alasiri.

Walimkuta Mkunga amekaa peke yake kwenye kiti sebuleni, amevaa vizuri, redio inaongea. Alikitazama kile kichwa.

"Naona ulimaliziwa," alisema.

Mzee Mdogo alikuwa ameandaa hotuba yenye heshima. Ilimtoka tofauti.

"Bibi, kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu ulikuwa unataka kurudi nyumbani. Sura hiyo naijua. Watoto wote niliowapokea walitoka nayo, na sijamrudisha hata mmoja."

Mzee Mrefu alikohoa vizuri kuliko kinyozi. Mzee Mdogo hakucheka. Alisimama na sahani mkononi, macho yanamuwasha, na sauti ikamkatikia pale pale ilipokuwa na desturi ya kukatika.

"Basi hakuna hata kazi moja ya kweli? Hata moja ndogo?"

Bibi alizima redio. Alimtuma Mzee Mrefu jikoni akaangalie kama kuna kitu cha kuliwa, akasubiri mpaka aliposikia sufuria zikifunuliwa, na bado akashusha sauti.

"Ipo," alisema. "Lakini ni ya aibu."

"Sitamwambia mtu."

"Kucha. Za miguu. Mgongo wangu haukunjiki tena, siwezi kuzifikia. Mke wa mpwa wangu alizikata siku moja, na uso aliouweka sitaki kuuona tena. Mimi nimeona kila kitu cha kila mtu mtaa huu, mwanangu, na sijamfukuza mtu kwa uso wangu. Sasa viatu vinaniumiza, leo hata kanisani sikwenda."

Mzee Mdogo aliweka sahani chini. Akapiga magoti, akamvua bibi soksi polepole, akaona. Zilikuwa ndefu, nene, zimejikunja na kuingia kwenye nyama, na kidole kimoja kilikuwa kimevimba. Alijua bibi anautazama uso wake, hivyo akautunza. Kisha hakuhitaji tena kuutunza, kwa sababu alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Alikuwa anahangaika na kidole gumba cha kulia, mkasi wa bibi unateleza, wakati simu ilipolia. Mikono yake ilikuwa na kazi. Mkunga akaichomoa mfukoni mwake, akaibonyeza, akamshikia sikioni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Namkata bibi mmoja kucha za miguu. Ni ngumu sana, mkasi haushiki."

Mama alikuwa amejiandaa kwa mengi: maradhi, mchumba, kufukuzwa. Hili hakuwa amelipanga.

"Umeziloweka?" aliuliza.

"Kuziloweka?"

"Maji ya moto na chumvi kidogo, mpaka zilainike. Unamkata mtu mzima kucha kavu, wewe mtoto, mimi nilikulea vipi?"

Mkunga, ambaye alikuwa anasikia kila neno, alitikisa kichwa kukubaliana na mama wa watu. Mzee Mrefu aliitwa, akaja na beseni la maji ya moto, kinywa kimejaa, akaliweka chini na kurudi alikotoka bila kuuliza. Mguu ukaingia majini. Bibi akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, na mkono ulioshika simu ukalegea kidogo, ukamwegemea Mzee Mdogo begani.

"Na lile jambo?" mama aliuliza. "Barua yako imeninyima usingizi mwezi mzima. Ulitaka kuniambia nini?"

Mzee Mdogo aliubonyeza ukucha kwa kidole. Ulikuwa unaanza kulainika.

"Tutaongea Krismasi ijayo, Mama," alisema. "Bado mguu wa kushoto."