Mafuta ya Papa Juu ya Dari

Sijaisahau asubuhi ile, mwanangu. Bibi yangu, Mwana Esha, amesimama kwenye mdomo wa birika yetu, lile tangi la mawe la maji ya mvua, hapa Kismayu, kata mkononi, na nyuma yake wamepanga foleni wanawake wa mtaa na ndoo zao. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, birika imejaa hadi shingoni, na desturi ilikuwa yeye ndiye wa kuonja kwanza. Akaonja. Akatema. Akachota tena, akanusa, kisha ile kata akaimwaga miguuni mwangu mimi, si pengine, akasema kwa sauti iliyofika msikitini: "Ni nani aliyetia papa ndani ya maji ya marehemu?"

Wanawake walicheka, wakidhani ni mzaha wake. Yule tunayemwita leo Mama Bishara, jirani yetu wa ukuta mmoja, akachota naye akaonja, na kicheko kikafa. Juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta unang'aa rangi rangi, na vipande vyeusi vya ukoga vinaelea kama majani ya chai. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na mikono yangu ilikuwa bado inanuka.

Nakuandikia haya, Lali, mtoto wa dada yangu, kwa sababu ya lile debe la oili chafu ulilolileta nyumbani Jumatatu kwenye bajaji yako. Uliniambia, "Mjomba, dari imeota ukoga, naipaka hii mara moja, basi, kwisha." Nikakuuliza nani kakufundisha. Ukasema, babu Shekuwe. Nikakaa chini. Vita vimekuja, tumekimbia, tumekaa kambini, tumekaa Mombasa, tumerudi, tumeota mvi, na mtu huyu bado anafundisha lile lile! Siku ile nilikufokea tu nikalitoa debe nje. Kufoka si kufundisha, najua. Basi soma, na wasomee vijana wenzako wa kijiweni. Mimi sikusoma sana, chuo cha Kurani na darasa la nne, lakini hili la dari nalijua kuliko wanaojidai.

Nyumba hii aliijenga babu yangu, mume wa Bibi Mwana Esha, kwa matumbawe na boriti za mikoko. Paa lake si bati wala makuti. Ni dari ya sakafu, mawe na chokaa juu ya boriti, bapa kama mkeka, imelazwa kidogo upande wa kibla ili maji yateremke. Yakiteremka huingia kwenye mlizamu, ule mfereji wa mawe ulioko ukutani, yakashuka birikani. Visima vya mtaa wetu unavijua mwenyewe, ni chumvi hata sabuni haitoi povu. Babu alipoona mauti yake yako karibu, akaifanya birika wakfu: nyumba saba zisizo na birika zichote, na mpita njia anywe, na thawabu zimfuate kaburini. Ndiyo maana Bibi aliyaita maji ya marehemu.

Sasa ukoga. Ukoga kwenye dari ya chokaa si balaa jipya, ni mgeni wa kila mwaka. Masika ikinyesha, na manyunyu ya kusi yakifuata, utaona kijani kimetanda huko juu, kiororo, mpaka mtoto atamani kukilalia. Ukikiacha hunywa maji kikayashika, maji yakapenya chokaa, boriti zikaoza, nawe umelala chini yake unakoroma. Dawa yake wazee wetu waliijua. Mwisho wa kaskazi, dari ikiwa kavu kama mkate wa juzi, unapiga magoti na kifuu cha nazi unaukwangua. Si jembe, si panga, maana chuma hutoka na ngozi ya chokaa. Unafagia, unapaka chokaa mpya. Mvua ya kwanza ikija unaziba mlizamu kwa kitambaa, maji yamwagike njiani, dari ijioshe. Mvua ya pili ndiyo ya kunywa. Ni kazi ya siku nne kwa mtu mmoja, na mwaka ule baba yangu alikuwa safarini, ikawa yangu.

Nilianza vizuri, wallahi. Siku ya kwanza nilikwangua mpaka magoti yakachubuka. Siku ya pili nikasikia sauti kutoka njiani.

"We Omari! Wakuna nazi huko juu? Harusi yako lini, bi harusi?"

Huyo ndiye Shekuwe, kaka yake mama yangu. Mashua yake alikuwa ameipandisha ufuoni, yataka kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, na kupakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa tunayopaka vyombo vya baharini. Vijana wake wa kazi walikuwa wamemkimbia kwa mdomo wake. Alitaka mikono, akaiona yangu.

"Nakwangua ukoga, mjomba."

"Ukoga! Mashua yangu yakaa majini mwaka mzima, umeiona imeota majani?"

"Hapana."

"Kwa nini? Sifa! Na dari ni nini wewe, kama si chombo kilichopinduliwa? Ipake sifa leo, kesho ukoga umekufa. Halafu njoo ufuoni ufanye kazi ya wanaume."

Akanipa debe zima. Na mimi, kwa uvivu wangu na kwa kutaka kuitwa mwanamume, nikayashika maneno yake kama fatwa, na jioni ile ile nikaipaka dari. Ngoja nikwambie kinachonikera mpaka leo. Siku iliyofuata nilikwenda ufuoni kumsaidia, na kazi ya kwanza tuliyofanya ilikuwa nini? Kukwangua! Tumelala chali chini ya mashua, mimi na yeye, tunakwangua ukoga na makombe kwenye mbao ndipo tupake. Nimekwangua kwa mikono yangu hii, na sikujiuliza. Akili ya kijana, mwanangu, ni kama jicho, huona kote ila pua yake.

Sifa inanuka. Lakini siku zile ufuo mzima ulinuka, kila mwenye chombo anapaka, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Bibi peke yake aliuliza, tumekaa uani, Shekuwe anakunywa kahawa yetu.

"Mbona leo nyumba yanuka kama soko la papa?"

Shekuwe hakupepesa jicho. "Mashua yangu hiyo, mama. Upepo waileta harufu."

Nami nipo pale, nimeumeza ulimi. Ule ndio uongo wetu wa pamoja, sitaukana. Baada ya siku tatu ukoga ulikuwa mweusi, umesinyaa, na mimi nikajiona fundi.

Mvua ya kwanza ikaja. Niliziba mlizamu kama nilivyofundishwa, maji yakaenda njiani. Ya pili nikazibua. Lakini mafuta si vumbi yaoshwe na mvua moja. Ule ukoga mweusi ulibanduka vipande vipande na mafuta yake, ukateremka kwenye mlizamu siku mbili mfululizo, nami nimelala ndani nasikia maji yanaingia birikani, nafurahi.

Ndipo ikafika ile asubuhi.

Bibi alipouliza ni nani, Shekuwe alikuwa amekwisha kuja kutazama watu wamejazana kwa nini. Nikamnyooshea kidole mbele ya wote. "Mjomba ndiye alinipa debe."

"Mimi?" Akajishika kifua. "Nilimpa apake mlango wa uani, unaoza! Mlango! Mtoto hasikii, jamani, mimi nifanye nini?"

Mama Bishara akasema, "Haya, angalau mchuzi tumepata. Atuletee ndimu." Watu wakacheka tena, lakini kicheko cha mtu anayejua kesho atachota kisima cha chumvi.

Kesho yake Shekuwe akatweka tanga akaenda Burgao, akakaa huko mpaka msimu ukaisha. Mimi nikabaki na ndoo. Siku tatu nilitoa maji birikani, ndoo baada ya ndoo, nikimwaga njiani. Paka wa mtaa mzima walikuja, wamekaa safu mbili kama wageni wa walima, wanaramba mawe. Wasemao maji yakimwagika hayazoleki hawakuyamwaga wao, wameyasikia tu. Watoto wakaniita Omari Papa, na jina hilo lilinifuata mpaka kambini Kenya. Nikaisugua birika kwa majivu, nikaipaka chokaa, na nilipomaliza mbingu ilikuwa nyeupe. Mvua za mwaka ule zilikuwa haba, nazo zilikuwa zimekwisha. Mwaka ule birika ilikaa tupu, na nyumba saba zikanywa kisima cha chumvi na maji ya gari la punda. Mama Bishara alikuwa na mimba kubwa, alipita mlangoni kwetu na ndoo kichwani, akitoa salamu. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, wao wakala.

Palikuwa na mzee kipofu, Mzee Kupi, ambaye kila baada ya alasiri huja kwa fimbo yake, hunywa kata moja, humwombea babu, huenda zake. Siku ya kwanza ya ukame wetu alikuja. Bibi akamwambia, "Maji hakuna leo, ndugu yangu." Yule mzee akainua mikono akamwombea babu vilevile, bila kunywa, akaondoka. Bibi akaingia chumbani, hakutoka mpaka magharibi. Nilitamani anipige. Hakunipiga.

Alfajiri yake alinipandisha darini. Mama wa miaka sabini, kashika ukuta, ngazi baada ya ngazi.

"Ukoga uliota wapi?"

"Kila pahala, Bibi."

"Muongo. Tazama vizuri."

Nikatazama. Weusi ulikuwa mahali patatu tu. Akakanyaga kila pahala kwa kisigino chake. "Hapa pamebonyea. Na hapa. Na pale kwenye kona. Maji yakikosa njia husimama, na yakisimama ukoga huja. Wewe hukuuliza kwa nini umekuja. Umeupaka mafuta, bonde umeliacha."

"Na mjomba je, Bibi? Yeye ndiye..."

"Shekuwe ana siku yake. Mkono uliopaka ulitoka bega la nani?"

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilikwangua siku kumi na mbili, kwa kuwa chokaa ilikuwa imekunywa mafuta na kifuu kinateleza. Tukajaza yale mabonde kwa chokaa na kokoto, tukayapiga kwa vipande vya mti mpaka yakawa magumu, maji yakapata njia. Mwaka uliofuata ukoga uliota kidogo sana, na birika ikajaa maji matamu.

Lakini Shekuwe aliporudi kutoka Burgao, alipita mlangoni na salamu kama hakuna lililotokea. Bibi alimngoja. Alikuwa akimwekea kahawa, ampe nafasi ya kusema. Hakusema. Bibi alifariki kabla ya vita, hajalisikia neno lile la kukiri. Hakumlaani. Mimi ndiye ninayeshindwa kunyamaza.

Wewe unajua yaliyofuata. Tulikimbia, wakakaa wengine, birika ikawa jaa la taka. Mwaka jana wewe na mimi tuliitoa vifusi kwa mabega yetu. Kati ya nyumba zile saba, tatu zimerudi watu wake, nne zina wageni, na wageni wana kiu vilevile. Wakfu hauulizi kabila. Mvua iko karibu. Ukipaka oili chafu ile, Lali, hata kwa ndoo siku tatu hutaitoa. Sifa ya papa ilikuwa chakula ikilinganishwa nayo.

Basi shika haya. Ukiona ukoga, usikimbilie cha kuufunika. Panda, kanyaga, tafuta maji yanaposimama, uyape njia. Kwangua kukiwa kukavu, kwa kifuu, kwa goti lako. Usikubali dawa ya siku moja kwa kazi ya siku nne, hasa ukiona mwenye kukupa dawa ana kazi yake inayokungoja. Na mtu akikufundisha jambo, tazama yeye mwenyewe afanyaje kwenye mali yake. Ukikosea, sema mapema, maji yakiwa bado juu ya dari. La kuvunda halina ubani. Ningesema siku ile uani, kahawa bado i moto, nyumba saba zingekunywa.

Mungu akupe magoti yenye nguvu, mwanangu, na dari isiyovuja, na akujaalie kuwa sababu ya watu kunywa, si ya watu kutema. Amrehemu babu, amrehemu Bibi Mwana Esha, na Mzee Kupi aliyeomba na koo kavu.

Na wewe, Mjomba Shekuwe, najua barua hii utasomewa, kwa kuwa Lali haweki siri. Nimekupa heshima ya umri wako miaka yote hii, na umeitumia kumharibu kijana wa pili. Mama Bishara yu hai. Bishara mwenyewe, aliyebebwa tumboni, ndoo ya maji ya chumvi ikiwa kichwani mwa mama yake, yu hai, ana wajukuu. Ijumaa baada ya sala watakuwapo penye birika, na mimi nitakuwapo, nami nitaanza kusema langu: mkono ulikuwa wangu. Kisha ni zamu yako. Usiseme mlango. Useme debe lile ulinipa la nini.